Majibu Niliyowakaririsha Wachezaji

Wanangu mnaobeba mikoba ya huduma ya kwanza viwanjani, shikamoo zenu nimezipokea zote, marahaba. Ila kabla hatujafika mbali niwatoe tongotongo: mimi si daktari. Najua Ngamiani nzima inaniita Dokta Mbaruku, na nimewaacha waniite hivyo zaidi ya nusu ya umri wangu kwa sababu jina ni tamu na hakuna aliyewahi kuniomba cheti. Darasa la utabibu sijaliingia hata kwa kupotea njia. Nilikuwa mkandaji. Nilikanda migongo ya makuli, viuno vya wazee, vifundo vya watu walioanguka na baiskeli. Siku moja daktari wa timu yetu ya mtaani hakutokea, naye pia hakuwa daktari bali muuza dawa za panya, basi katibu akanitazama mikono akasema huyu anatosha.

Siku yangu ya kwanza nilitoka mbio na ndoo ya barafu nikajikwaa kwenye mstari wa chokaa. Wallahi kwenye chokaa, kitu kisicho na kimo. Maji yote ya barafu yakamwagikia refa mgongoni. Mchezaji niliyekuwa namwendea alicheka mpaka akasahau kuwa ameumia, akasimama, watu wakapiga makofi. Kuanzia hapo nikavumishwa kuwa nina mkono wa baraka, nami sikukanusha.

Mkoba wangu ulikuwa na sponji, bandeji, mafuta ya kuchua, na chupa ya kunusisha niliyoichanganya mwenyewe: kitunguu saumu, mafuta ya mkaratusi, pilipili manga, na kitu kingine ambacho sikitaji kwa sababu nimeshakisahau. Mtu akizimia nikimwekea puani anaruka. Nikajiona mganga hasa. Ilipita miaka mpaka winga wetu mmoja akaniambia ukweli, kwamba wenzake walikuwa wakisikia ile harufu nikiwa bado nje ya mstari wanajikaza wasimame, wasije wakanusishwa. Kumbe nilikuwa siponyi watu, nilikuwa nawatisha.

Na kipimo changu cha akili kilikuwa vidole. Nanyoosha viwili, nauliza vingapi. Mtu akisema viwili, mzima huyo, arudi kazini. Sikuwahi kubadilisha, kila siku viwili, na timu nzima ilijua ni viwili. Kuna golikipa wetu alijigonga kwenye nguzo akalala kifudifudi, uso mchangani. Kabla hata sijamgeuza nikamsikia anasema, viwili Dokta. Nikamwambia kocha huyu hana neno. Dakika kumi zilizofuata alisimama akilitazama goli lake mwenyewe, mgongo kaupa uwanja, na mimi nikawa nawaeleza watu kuwa ni mbinu mpya.

Mnacheka. Chekeni tu, mimi mwenyewe huwa nacheka, ila najua ninachokicheka.

Aliyenifundisha kukanda alikuwa mzee wa Kipemba aliyehamia Chumbageni, Bwana Kombo. Hakuwa msemaji. Alikuwa na neno moja alilonirudia kila alipoletewa mtu aliyegongwa: mguu unakandwa, mgongo unakandwa, kichwa kinasubiriwa. Mgonjwa wa kichwa hamgusi. Anamlaza penye kivuli na kimya, anakaa kando yake, anawaambia watu wake wasimwache peke yake, wasimpe kazi, na akitapika au usingizi ukimzidi au maneno yakimpotea wakimbie hospitali. Anaweza kukaa hivyo tangu adhuhuri mpaka alasiri, anamtazama mtu tu. Mimi kijana nikaona huo ni uvivu. Nikajisemea mzee amechoka, anatafuta pa kukaa.

Basi nikafanya kazi miaka yote hiyo bila kusubiri kichwa cha mtu yeyote. Halafu wasimamizi wa ligi yetu wakatuletea Sista Rukia.

Huyu alikuwa muuguzi wa kweli, aliyesoma, binti mdogo kiasi cha kuwa kitinda mimba wangu. Alikuja na viatu vyeupe na daftari, akatukusanya sisi akina dokta wa timu zote, na ukitutoa mmoja aliyekuwa kinyozi sote tulikuwa wakandaji na wauza dawa za panya. Akatuamkia vizuri, shikamoo wazee wangu, kisha akachukua dafu akalitikisa mbele yetu. Akasema ganda halina alama hata moja, lakini sikilizeni maji yanavyokwenda ndani. Na ubongo ndivyo ulivyo. Mtu anaweza kugongwa asitoke damu, asizimie, akasimama na kutembea, na huku ndani umeshatikisika. Akasema kubwa kuliko yote ni pigo la pili: kichwa ambacho hakijapona kikigongwa tena, hata kidogo, ndipo watu wanapokufa au wanapoharibika. Na hata yale madogomadogo ya kila siku yanajilimbikiza, mtu akija kuyaona ameshakuwa mtu mzima, hasira zimemzidi na kumbukumbu hana.

Akaleta utaratibu mpya. Mchezaji akigongwa kichwa atamwuliza yeye mwenyewe maswali matano: tupo uwanja gani, kipindi cha ngapi, nani amefunga bao la mwisho, mechi iliyopita tulicheza na nani, tulishinda au hatukushinda. Akikosa moja, nje. Na hata akiyapata yote, kama kuna mtu aliyemwona haeleweki, nje. Akatutazama sisi wazee akasema hapo ndipo anapotuhitaji, kwa sababu sisi ndio tunaowajua vijana wetu, tutaona mapema kuliko yeye.

Nilimwonea kijicho, niseme kweli. Dokta ni mimi, leo kaja mtoto na dafu. Na mimi utotoni nilipita chuo cha Kurani, nilichapwa sana na maalimu, lakini kitu kimoja nilitoka nacho: najua dawa ya mtihani. Dawa ya mtihani ni kukariri.

Kila mara kabla ya mechi nikawa nawapanga wachezaji nyuma ya choo cha uwanja. Nauliza, wanaitikia kwa pamoja, kwa sauti na kwa mahadhi kabisa. Uwanja gani, wanautaja. Mechi iliyopita na nani, wanataja. Nilikuwa na fimbo ndogo pia, kwa ajili ya mabeki. Swali la bao la mwisho ndilo lililonisumbua maana jibu linabadilika, basi nikatunga ishara. Nitasimama nyuma ya Sista: nikijikuna sikio tumefunga sisi, nikijikuna pua wamefunga wao, nikijikuna tumbo hakuna bao. Na kipindi nitaonyesha kwa kidole nikijikuna shingo. Ikafika mahali mechi zikiwa ngumu najikuna kutwa nzima. Siku moja Sista Rukia akaniita pembeni kwa upole akanipa dawa ya upele. Nikaipokea nikamshukuru. Nilifika nyumbani nikamsimulia mke wangu, tukacheka mpaka machozi.

Hakuna timu iliyofaulu kama yetu. Sista mwenyewe akashangaa, akasema vijana wangu wana vichwa imara. Nikatembea mtaani kifua mbele kana kwamba nimefanya jambo la maana.

Sasa nije kwa Zuberi, na hapa mnistahimili, maana mzaha hautakwenda kasi ileile.

Zuberi alikuwa fundi baiskeli, kijiwe chake karibu na soko la Ngamiani. Rimu ikiwa imepinda alikuwa anaizungusha, anagusa spoku moja moja kwa ukucha na kusikiliza mlio, anajua ipi imelegea. Watu walikuja kumtazama tu. Uwanjani alikuwa beki wa kati na hakuna mpira wa juu uliompita, yote alikuwa anaila kwa kichwa. Na nani aliyemnoa? Mimi. Kila asubuhi kabla hajafungua kazi nilikuwa namrushia mipira, mingine imelowa umande imekuwa mizito, mmoja baada ya mwingine mpaka paji la uso linakuwa jekundu. Akisema Ami, kichwa kinanigonga, nilikuwa namkanda shingo, namwambia kichwa ni msuli, kinataka mazoezi. Kichwa ni msuli! Na sikucheka nilipokuwa nasema hivyo.

Siku hiyo tulicheza na timu iliyotoka Mkwaja, nusu fainali. Kipindi cha kwanza kona ikapigwa, Zuberi akaruka, na mshambuliaji wao akaruka, vichwa vikakutana. Hakukuwa na ubaya wowote, wote wawili walikuwa wanautafuta mpira. Yule wa Mkwaja alishika pua akatoka mwenyewe. Zuberi akabaki chini.

Nilifika wa kwanza na chupa yangu. Nikamnusisha, akafumbua macho, akanitazama kama mtu asiyenijua. Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo ya kitoto, "Baba yuko wapi?"

Baba yake Zuberi alifariki yeye akiwa bado anasoma shule ya msingi. Nilikuwepo mazikoni.

Aliyesikia ni mimi peke yangu. Sista Rukia alikuwa bado anakimbia kuja. Nikamwambia Zuberi kaa vizuri, Sista anakuja, jibu kama nilivyokufundisha. Sista akafika, akapiga magoti mbele yake akamwuliza uwanja. Zuberi akautaja. Akamwuliza kipindi, nami nimeshajikuna shingo, akajibu. Bao la mwisho, nikajikuna sikio, akajibu. Halafu kabla hajaulizwa swali la nne akalijibu, na la tano akaliunganisha hapohapo, kwa mahadhi yaleyale ya nyuma ya choo. Sista akamkazia macho. Nikaona hakuridhika. Akanigeukia mimi.

"Mzee Mbaruku, wewe unamjua. Umeona chochote?"

"Hana kitu, Sista," nikasema.

Maneno matatu. Mtu anaweza kuishi miaka sabini akaongea maneno kama mchanga wa pwani, na akaja kuulizwa matatu tu.

Kipindi cha pili, mpira wa kawaida kabisa, mrefu, unaoelea. Hakuna aliyemgusa. Akaupiga kwa kichwa kama alivyopiga maelfu, akatua kwa miguu, akatembea hatua mbili, akaanguka. Nilipofika na chupa hakuamka. Nikamnusisha tena na tena mpaka Sista Rukia akaninyang'anya chupa mkononi akaitupa.

Alilazwa wiki nyingi, hajitambui kisha anajitambua kidogokidogo. Hakufa, alhamdulillahi. Alirudi nyumbani kwa mkewe Mwanaidi, lakini mwanga wa jua unamuumiza, kelele zinamuumiza, na yeye aliyekuwa mpole mno sasa alikuwa akipandwa na hasira za ghafla, siku moja akamtupia mteja pampu. Rimu anaizungusha, anagusa spoku, anasikiliza, anagusa tena ileile. Mwanaidi ndiye aliyekiuza kijiwe.

Kikaitishwa kikao. Wakubwa wa ligi wakamwuliza Sista Rukia kwa nini alimruhusu mgonjwa arudi. Akasema alimwuliza yote matano na akayajibu yote. Mmoja akamwambia basi hujui kuuliza. Wakauliza kama kuna mtu aliyeona dalili yoyote. Nilikuwa nimekaa mstari wa pili, nimevaa kanzu na kofia, na kwa mara ya kwanza tangu utaratibu ule uanze sikujikuna popote. Wakamwondoa Sista viwanjani. Alipotoka alinipita mlangoni, akaniambia, Mzee pole sana na kijana wako.

Msidhani niliendelea kama zamani. Hapana. Tangu hapo nikawa mtu wa ajabu, kila aliyeguswa kichwa namtoa. Sitaki majibu, sitaki vidole. Namtazama mtu machoni, natazama anavyosimama, kama anapepesuka, kama anaangalia watu kana kwamba ni wageni, kama anauliza jambo moja mara mbili, namtoa. Hata akiwa sawasawa, kama kagongwa sana namtoa, na sikumrudisha siku ileile wala wiki ile. Nilimtoa nahodha kwenye fainali, tukafungwa, nikapigwa kwa maganda ya machungwa kutoka uwanjani hadi mlangoni kwangu. Wakanibatiza jina Mzee Toa. Mke wangu akasema afadhali sasa una jina unalolistahili. Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga walisema, na mimi nilikuwa nimeficha ya mtu mwingine.

Lakini niliyafanya hayo yote huku nimefunga mdomo. Kutoa wachezaji ni rahisi kuliko kutoa neno.

Halafu siku moja, baada ya magharibi, Zuberi akaja barazani kwangu na viatu vya mpira kwapani. Shikamoo Ami, marahaba, akakaa. Akasema anataka kurudi uwanjani msimu huu. Hospitali walishamkataza kabisa, walimwambia Mwanaidi kuwa pigo jingine moja litammaliza, lakini yeye akasikia tu kwamba watampima tena kwa maswali. Akanisogelea akaniambia kwa siri, Ami, nifundishe majibu.

Nikamwambia. Sijui nguvu niliitoa wapi, lakini nilimwambia yote, kuanzia nyuma ya choo mpaka ile siku, na alichoniuliza alipofumbua macho, na nilichomjibu Sista. Alinisikiliza ameinama. Kisha akauliza, "Na mimi ulinijibu nini?" Nikasema sikukujibu, nilikunusisha chupa. Akainuka, akasema Mungu atakulipa, akaenda zake na viatu akaviacha. Nililia kwa aibu, mke wangu alifunga mlango watoto wasinisikie.

Baada ya siku tano akarudi. Uso mkunjufu, viatu vingine kwapani, shikamoo Ami. Nifundishe majibu.

Nilidhani ananikejeli. Mwanaidi ndiye aliyenieleza: ya zamani anayo yote, mabao yote anayo, ila ya jana na juzi hayakai. Hakumbuki kuwa alikuja. Hakumbuki nilichomwambia. Anachokumbuka ni kwamba anataka kucheza, na kwamba Ami Mbaruku ana majibu.

Mara ile ya pili nikaona nijipumzishe. Nikamwambia njoo kesho, tutafanya mazoezi. Akafurahi akaenda, na asubuhi yake Mwanaidi akamkuta uwanjani kati ya vijana, amesimama mbele ya goli anasubiri kona. Alimvuta kwa fulana mbele ya watu wote, akalia njia nzima. Alinijia na buibui limejaa vumbi akaniambia neno moja tu, kwamba nilichomwambia siku ile ya kwanza ndicho pekee kilichomfanya alale bila kutafuta viatu.

Tangu siku hiyo sijaruka hata mara moja. Akija namwambia yote. Kwangu ni ya mara nyingi, kwake ni ya kwanza, na uso wake unaanguka vilevile kila mara. Nimelaaniwa na Zuberi, nimetemewa mate, siku nyingine ananicheka, siku moja alinishika mkono akanibembeleza mimi, eti Ami usilie, mimi nimepona. Hiyo ndiyo iliyoniumiza kuliko laana zote. Lakini akishasikia haendi uwanjani siku hiyo, anarudi kwa Mwanaidi, na mimi nasubiri atakapokuja tena.

Wiki iliyopita alikuja. Nikamweleza. Hakukasirika, hakucheka. Akaniuliza ni nani mwingine anayejua. Nikasema wewe tu na mkeo na mke wangu. Akasema:

"Ami, mimi unaniambia kwa sababu nasahau. Kamwambie anayekumbuka."

Sista Rukia hakurudishwa viwanjani. Siku hizi anawafundisha nyinyi, na ndiye aliyenijia akaniomba niandike visa vya kazi yangu viwachekeshe kidogo kabla ya somo. Alisema atazipitia kwanza karatasi yeye mwenyewe, arekebishe herufi, kisha awagawie. Nampelekea leo asubuhi hii. Kwa hiyo, wanangu, kama mnayasoma haya, yeye ameshayasoma, na ni yeye aliyeamua myasome.